Maswali ya Wasomaji: Matembezi ya Siku Moja Kaskazini mwa Pemba

SWALI: Assalaam aleykum, mhariri. Wanangu, mkubwa wao ana miaka 11 na mdogo mitano, wameona picha ya tuta la mawe lililozungushwa ndani ya ziwa huko Marekani, na nyengine za familia zinazokwenda kutazama maua ya mwituni katika majira ya machipuko. Sasa hawaniachi, wanataka na wao wapelekwe. Je, hapa Pemba tunaweza kupata matembezi ya namna hiyo, ya kwenda na kurudi siku moja?
Mama wa watoto watatu, Chake Chake

JIBU: Waaleykum ssalaam, dada yetu. Bila shaka tuta hilo ni Spiral Jetty, ambalo msanii Robert Smithson alilijenga mwaka 1970 katika ziwa la Great Salt Lake, jimbo la Utah, kwa mawe meusi ya volkano, likiwa na urefu wa mita zipatazo 457. Maji ya ziwa yalipanda yakalifunika kwa miaka mingi, na lilipoibuka tena mawe yake yalikuwa yameganda chumvi nyeupe. Maji yetu hayangoji miaka, kwani hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwa sababu hiyo nakushauri uwapeleke wanao ufukwe wa Vumawimbi wakaitengeneze sanaa hiyo kwa mikono yao.

Kabla ya kuulizia gari, tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwanzoni mwa mwezi wa Kiislamu na tena kuanzia tarehe 15 hadi 17 hivi, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Mkiondoka Chake saa moja mtaukuta mchanga ungali mbichi na mgumu, unaokubali mstari uliochorwa kwa kifuu. Waokote vifuu, vipande vya matumbawe yaliyokufa, mwani uliotupwa na mawimbi na makombe matupu. Lenye mnyama ndani lirudishwe lilipokuwa. Kazi ianzie chini, karibu na maji, ili wasisubiri sana kuyaona yakiingia kati ya mistari yao, na msiondoke kabla ya hapo, maana ndiyo sehemu watakayoisimulia nyumbani.

Ama maua, sisi hatuna machipuko. Tuna masika, na kipupwe kinachofuata ndicho kizuri kwa kutembea, kwa kuwa majani bado yamenawiri na jua limepungua ukali. Pale pale ufukweni watafute mlakasa, unaotambaa juu ya mchanga, wenye ua la zambarau na jani lililopasuka nchani mithili ya ukwato wa mbuzi. Uangalieni asubuhi, kwani ua lake hunyauka siku hiyo hiyo. Na njiani, kuanzia mnamo Julai, mtaona karafuu zimeanikwa juu ya majamvi: waambie watoto kuwa kila punje ni ua lililochumwa kabla halijafunuka, kisha waulize ni nani atakayeuona kwanza mkarafuu wenye maua yaliyowaponyoka wachumaji. (Mkubwa asiruhusiwe kuupanda.)

Jua likiwa kali mchana ingieni msitu wa Ngezi, ambao barabara ya kutoka Konde inaupita. Kuna kiingilio na waongozaji langoni; mchukueni mmoja, hata kama mnadhani njia mnaijua, kwa sababu yeye ndiye atakayewaonesha ndege aina ya njiwa na chozi wasiopatikana popote ila Pemba. Humo hakuna kuchuma kitu, na kilichoanguka kitazamwe kibakie.

Gari nyingi za abiria huishia Konde, kwa hiyo kukodi gari kwa pamoja na familia nyengine kutakupunguzia gharama. Kidike, kwenye popo wakubwa wa Pemba, ni karibu zaidi na kwenu. Usiiongeze siku hiyo hiyo, kwani mdogo atakuwa amekwisha kulala garini.