Mdogo wangu wa Tukuyu, unaniuliza chuo cha ngapi?

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa binti wa Tukuyu aliyemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati). "Shikamoo kaka. Nataka uhandisi ujenzi. MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) ni chuo cha ngapi Tanzania? Nimeona kwenye orodha kiko chini, naogopa kujaza."

Nimeusoma nikacheka, halafu moyo ukaniuma. Naijua hiyo hofu.

Mwaka nilipochaguliwa MUST, kulikuwa na kikao cha ukoo nyumbani Uyole. Baba mdogo aliyetoka Dar akaniuliza mbele za watu, "Si kile chuo cha ufundi?" Kwake bado kilikuwa kile cha 1986. Kwamba kilipandishwa kuwa taasisi mwaka 2005, na 2012 kikawa chuo kikuu, hakuwa na habari. Watu wakacheka, mama akainamia sufuria. Mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Naungama: mwaka wa kwanza wote, nikienda likizo Dar, nilisema "nasoma uhandisi" na kuishia hapo. Jina la chuo sikulitaja hata kwenye daladala.

Miaka minne ile siwachoshi nayo. Baridi ya Juni, sapu (mtihani wa marudio) moja ya hisabati, bumu, yaani pesa ya mkopo, kuchelewa. Yalipita.

Kilichonigeuza ni usaili, kwenye kampuni moja ya Dar. Mmoja wa wasaili alisoma cheti changu akauliza, "Hiki kiko wapi?" kwa sauti ileile ya baba mdogo. Kisha wakatupa mchoro wa nguzo, kila mtu asome nondo: ngapi, unene gani, ringi zipangwe kwa umbali gani. Mwenzangu wa chuo kinachoongoza kila orodha alitokwa jasho. Mimi nondo nilishazifunga kwa mikono yangu, na koni ya kupimia ulaini wa zege naijua kama sufuria ya mama. Kazi nilipata mimi. (Yule mwenzangu alikuwa na akili kunizidi, ila mchoro haukumuuliza hayo.)

Sasa sikia, mdogo wangu. Zile orodha ulizoziona hazijapima darasa utakalokaa. Webometrics, inayotoka Hispania, huangalia tovuti ya chuo inaunganishwa vipi na tovuti nyingine, pamoja na makala za watafiti zinazonukuliwa sana. Si vibaya. Ila chuo chenye kitivo kikubwa cha tiba kitapaa kwa makala za madaktari, na wewe unataka kujenga daraja! Wala mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hauna namba moja wala namba kumi. Umeandika programu, sifa za kuingia, muda wa masomo na nafasi zilizopo. Usome huo, programu kwa programu.

Halafu uliza kama shahada hiyo inatambuliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sababu baada ya chuo bodi ndiyo itakayokusajili kuwa mhandisi mhitimu, kisha utumikie chini ya wahandisi wenye uzoefu kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu umuulize karakana inafunguliwa mara ngapi kwa wiki. Umuulize tena, maana mara ya kwanza atakusifia.

Vijana wa Nyanda za Juu tuna ugonjwa mmoja: cha nyumbani tunakiona kidogo mpaka mgeni akisifie. Wenzetu wanapanda basi kutoka Mwanza kuja kusoma Mbeya, sisi tunapishana nao tukikimbilia jina. Acheni. Jina halifungi nondo. Baba mdogo mwenyewe mwezi uliopita amenipigia, mwanawe anatafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Nimempokea. Sikumkumbusha chochote, ingawa nilitamani sana.

Hayo yote nilimwandikia yule binti, na kumkumbusha kuwa dirisha la kwanza la udahili halisubiri mtu. Jana usiku akajibu:

"Asante sana kaka, nimekuelewa. Ila baba anasema Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar."

Nimemwomba namba ya baba yake.