Kupanga chumba cha muziki na wanafunzi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utapangaje chumba cha muziki na wanafunzi bila vurugu, usiite darasa zima, chukua kikundi kidogo tu. Toeni vyote nje ila kivulini jamani, jua la Dodoma linapasua vibuyu vya zeze na ngozi za ngoma za muheme, zile za Wagogo. Kila chombo kipigwe hapohapo, kikilia vizuri kinarudi, ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ikilegea vyuma iende kwa fundi, kilichokufa kabisa muulize mkuu kwanza maana ni mali ya shule. Ngoma msiziweke chini, mchwa huku hawana huruma. Na majina kwenye shelfu waandike watoto wenyewe, wakiandika wao wanarudisha vitu mahali pake, makaratasi yaliyoliwa na panya tupeni tu.