Tela ya ng'ambo, gari ya hapa: maswali na majibu

Assalaam alaykum fundi. Nimeletewa tela ya boti kutoka Marekani, plagi yake bapa yenye waya nne tu. Gari yangu ni Prado. Aliyenifungia aliunga waya wa breki na wa indiketa pamoja. Sasa nikikanyaga breki, indiketa zote zinawaka, hata za mbele. (Fumba)

Waalaykum salaam. Zitenganishe waya hizo leo hii kabla hujatoka tena barabarani.

Tela nyingi za Kimarekani, balbu moja nyekundu ndiyo breki na ndiyo indiketa. Waya mweupe ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, wa kahawia taa ndogo, wa njano breki na indiketa ya kushoto, wa kijani breki na indiketa ya kulia. Prado yako ina indiketa ya rangi ya machungwa iliyo mbali na breki. Ukizifunga pamoja, umeme wa breki unapita kinyume hadi kwenye indiketa, na ndiyo vurugu unayoiona.

Kipo kisanduku cha kuagiza kinachopokea breki na indiketa za gari, kila moja kwa waya wake, kikazitoa kwa mtindo wa Kimarekani. Kinafanya kazi, lakini mimi sikipendi kwa barabara zetu. Dereva wa nyuma amezoea indiketa ya machungwa. Nyekundu inayopepesa usiku ataidhania breki. Bora ununue taa mbili za machungwa, uzifunge kwenye tela na kuzipitishia waya zake mpya. Halafu wa njano na wa kijani wa zamani uwaunge pamoja upande wa tela, wawe breki tu. Utapata waya tano, kwa hiyo plagi bapa itupe, weka ya duara ya pini saba.

Tela yangu ya Uingereza ina waya saba. Nifuate rangi? (Mkoani)

Upande wa tela, ndiyo. Njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, mweupe ethi, mwekundu breki, mweusi taa ndogo ya kushoto, kahawia taa ndogo ya kulia. Buluu ni taa ya ukungu. Mzibe kwa tepu umuache, Pemba hatuna kazi naye. Kama tela imeshapita mikononi mwa mafundi, rangi usiziamini, soma namba zilizo ndani ya plagi: 1 kushoto, 3 ethi, 4 kulia, 6 breki.

Upande wa gari, chukua testa. Kwenye Toyota, mweupe wenye mstari mweusi ni ethi. Nimeona mtu kauona huo mstari, akamuunga na mweusi wa tela, akashinda akibadilisha balbu ya kushoto ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Nikiwasha indiketa ya tela, taa ndogo nazo zinapepesa na breki inafifia. Nibadilishe fyuzi? (Wete)

Iache fyuzi, shida ni ethi. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri, unarudi kupitia balbu nyingine, ndiyo maana zinachezacheza pamoja. Chukua waya mrefu, upande mmoja hasi ya betri, upande wa pili ethi ya taa. Zikitulia, umeshampata mchawi.

Wengi wanategemea ile tufe ya kuvutia tela iwe ndiyo ethi. Ina grisi na kutu, haitegemeki. Vuta waya mweupe wake peke yake kutoka kwenye plagi hadi kila taa. Na viungo vya kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu havina maisha mbele ya maji ya chumvi. Bana kwa kiungio, valisha mpira unaokaza kwa moto, paka grisi kwenye pini.

Kila nikishusha boti, balbu zinapasuka. (Nungwi)

Unaingia majini balbu ikiwa ya moto, na mguu uko kwenye breki. Chomoa plagi ukifika ufukweni, subiri kidogo, ndipo urudi nyuma. Zikikuchosha, nunua taa za LED zilizozibwa kabisa.

Naweza kuivuta tela kwa Canter? (Mwanakwerekwe)

Tazama betri kwanza. Zikiwa mbili zimeungwa kwa mfululizo, hiyo ni volti 24, na balbu za tela za volti 12 zitaungua papo hapo. Weka za volti 24, wati zile zile, 21 za breki na indiketa, 5 za taa ndogo. Waya hazina haja ya kubadilishwa. Ila siku ukiirudisha kwenye gari ndogo, balbu hizo zitawaka hafifu mno, itabidi uzitoe.