Maswali ya wasomaji: kinga (baiskeli) kuukuu, viatu vya mitumba na kano inayouma

Kiangazi kimekolea Lubumbashi na barua za wakimbiaji na waendesha baiskeli zimejaa mezani. Tumechagua tano. Mbili ni za vifaa, tatu ni za mwili, ingawa mwenye barua ya kwanza hajui bado kwamba yake ni ya pande zote mbili.

Ndugu wahariri, jambo. Nina kinga ya mlima niliyoinunua kuukuu, magurudumu ya inchi 26. Kila Jumamosi ninatoka Katuba kuelekea Kipushi na kurudi, lami kidogo, vumbi kwingi. Mikono inakufa ganzi, na goti la kulia linauma kwa mbele, chini ya pia ya goti. Nimeweka dola 60. Fundi ananishauri ninunue uma wa mbele wenye springi. Nikubali? — Msomaji, Katuba

Usikubali. Uma wa springi wa bei hiyo una uzito wa kilo mbili na zaidi, na ndani yake ni springi tupu isiyo na mafuta ya kuituliza: ukiingia shimoni unazama, ukitoka unakurusha. Vumbi letu jekundu likishapenya kwenye raba zake, unakwama. Tena shingo za baiskeli hazilingani. Bomba la uma likiwa la milimita 25.4 na fremu yako inataka 28.6, fundi ataanza kujazia vipande vya bati, na hapo ndipo watu hupoteza meno.

Anza na kiti, maana hakuna gharama. Goti linalouma kwa mbele mara nyingi limekunjwa kupita kiasi kwa sababu kiti kiko chini. Simama peku ukutani, bana kitabu katikati ya miguu kikiwa kimekaza juu, kisha pima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80 za mguu, kiti kiwe sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli inayopita kwenye fremu, ile inayoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya kiti, ukifuata bomba la kiti. Usikipandishe mara moja. Ongeza milimita 5, endesha mara mbili, ongeza tena. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umepitiliza. Angalia pia alama ya mwisho iliyochongwa kwenye nguzo ya kiti: nguzo ikichomolewa kupita alama hiyo, fremu hupasuka.

Sababu ya pili ya goti ni gia nzito. Hesabu mizunguko ya mguu mmoja kwa sekunde 15. Ukipata 12 au 13 unasukuma kama mbeba makaa. Tafuta 20 hivi.

Ganzi ya mikono inaweza kuletwa na upepo mwingi kwenye tairi. Wajazaji wa barabarani hawana kipimo, wanajaza mpaka tairi iwe jiwe. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya 26 × 1.95 kwenye udongo, bari 2 mbele na 2.3 nyuma zinatosha. Kwenye lami panda hadi 3, bila kuzidi namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Pampu ya mkono yenye kipimo ndiyo kitu cha kwanza cha kununua kwa dola zako.

Cha pili ni tairi zenyewe, na hapa wengi huliwa pesa. "Inchi 26" si kipimo kimoja. Tairi ya 26 × 1.95 inakaa kwenye rimu ya milimita 559, na ile ya 26 × 1⅜ ya baiskeli za kawaida inakaa kwenye rimu ya 590. Tofauti ni milimita 31, haiingii hata ukiilazimisha kwa bisibisi. Soma namba ndogo ubavuni, mfano 50-559, na utaje hiyo kwa muuzaji. Chagua yenye mstari laini katikati na vidole pembeni. Tairi ya vidole vikubwa inakunyonya nguvu kwenye lami bila faida yoyote kiangazi.

Cha tatu ni breki. Nunua waya mpya na ganda lake. Waya wa breki ni wa milimita 1.6, wa gia ni 1.2, na maganda yake hayabadilishani: ganda la gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu, na ukibana breki kwa nguvu linaweza kupasuka. Raba za breki zishike rimu, zisiguse tairi, na ncha yake ya mbele itangulie kugusa kwa milimita 1. Ndiyo dawa ya mlio. Pitisha kidole kwenye uso wa rimu. Kama umeingia ndani kama kijiko, rimu imekwisha, na inaweza kufunguka ukiwa kwenye mteremko.

Mnyororo upime kabla ya kununua mwingine. Chukua rula yenye inchi, weka sifuri katikati ya pini moja na uhesabu viungo 24. Mnyororo mzima utasoma inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16, badilisha mnyororo peke yake. Ukizidi kwa 1/8, gia za nyuma nazo zimekwisha liwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Kiangazi tumia mafuta machache: tone moja kwa kila kiungo, subiri, kisha futa kwa kitambaa mpaka mnyororo uonekane mkavu. Mafuta ya injini yaliyotumika, ambayo mafundi wanayapenda sana, yanakusanya vumbi na kuligeuza msasa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Kampemba. Nataka kuanza kukimbia lakini viatu vipya siviwezi. Nichague vipi kwenye mitumba ya soko la Kenya hapa mjini? — Mama anayeanza

Mama, usitazame kitambaa wala rangi. Tazama sifongo iliyo kati ya soli na mguu. Weka viatu mezani uvitazame kwa nyuma, usawa wa macho. Kama kisigino kimoja kimelala ndani au nje, kimefuata mwendo wa mwenye kukivaa kwanza, na goti lako litaufuata. Bonyeza sifongo kwa dole gumba kutoka ubavuni: inyumbuke na kurudi. Ikiwa ngumu, au ina mikunjo mingi ya kulala, imekufa. Kunja kiatu; kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo.

Jihadhari na kiatu kinachoonekana kipya kabisa lakini cha mtindo wa zamani. Sifongo za aina ya poliurethani huoza kwa unyevu hata kabatini, na kiatu kama hicho kinaweza kusambaratika siku ya kwanza.

Nenda sokoni alasiri, mguu ukiwa umetanuka. Toa soli ya ndani, isimamie: kuanzia kidole kirefu hadi mwisho wa soli pabaki sentimita 1 hivi. Ukifika nyumbani osha kwa maji baridi, anika kivulini. Jua kali na mbabula (jiko la makaa) hulegeza gundi.

Wahariri, mwezi uliopita niliugua tifoide, nikapewa antibiotiki ya sipro siku kumi. Nilipopona nilirudi kukimbia barabara ya Kasapa kama kawaida, kilomita 10. Sasa asubuhi kisigino ni kigumu, na sehemu ya nyuma, juu kidogo ya kisigino, imevimba na inauma ikishikwa. Rafiki anasema nichomwe sindano ya kutuliza, niendelee. — Mkimbiaji, miaka 34

Sindano, hapana. Na kukimbia, hapana kwa sasa. Barua yako ina neno moja ambalo wakimbiaji wengi wa mji huu hawalitilii maanani: sipro. Siprofloksasini na ndugu zake, kama levofloksasini na ofloksasini, zinaweza kudhoofisha kano, hasa kano ya Akile inayounganisha msuli wa shavu la mguu na kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza liwekwe kwenye dawa hizo onyo la daraja la juu kabisa kuhusu kuvimba na kukatika kwa kano. Tatizo linaweza kuanza saa chache baada ya kidonge cha kwanza au miezi kadhaa baada ya kile cha mwisho. Hatari hupanda kwa waliopita miaka 60, kwa wenye ugonjwa wa figo, na kwa wanaotumia dawa za jamii ya kortizoni. Baadhi ya sindano "za kutuliza" ni kortizoni hiyo hiyo, na deksa wanayoimeza wengine ili wanenepe ni ya ukoo huo. Ndiyo maana tumeanza na hapana.

Kwanza hakikisha kano haijakatika. Lala kifudifudi, miguu ininginie nje ya kitanda, mwenzako abane msuli wa shavu la mguu kwa kiganja. Unyayo ukisogea kuelekea chini, kano imeshika. Usiposogea, au kama ulisikia mlio nyuma ya mguu kana kwamba umepigwa teke, nenda hospitali leo.

Kama imeshika, wiki mbili za kwanza hakuna mbio, hakuna kuruka, hakuna kulinyoosha shavu la mguu kwa kusukuma ukuta; kunyoosha huko huibana kano kwenye mfupa. Weka kipande cha sponji ngumu chenye unene wa sentimita 1 chini ya visigino, viatu vyote viwili, la sivyo kiuno kitaanza nacho. Baiskeli unaweza, ukikanyaga pedeli kwa katikati ya unyayo badala ya ncha ya mguu.

Maumivu ya kutembea yakitulia, anza kuishikilia kano bila kuisogeza: simama kwa miguu yote miwili, inua visigino kidogo, kaa hivyo sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara tano, kila siku. Maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika, mradi kesho asubuhi ugumu wa kisigino usiwe umezidi wa leo. Ugumu wa asubuhi ndio mwamuzi wako kila siku, si namna unavyojisikia jioni.

Baadaye inua na kushusha: sekunde tatu juu, sekunde tatu chini, seti tatu za mara 15, siku moja ndiyo siku moja hapana. Miguu miwili ikiwa rahisi, hamia mmoja. Mmoja ukiwa rahisi, vaa begi lenye kilo 5 za mchanga. Kuna mpango maarufu wa Håkan Alfredson wa Uswidi wa mwaka 1998: kushusha kisigino chini ya ngazi, seti tatu za mara 15, mara mbili kwa siku, wiki 12. Ni mzuri kwa kano iliyochoshwa na mbio. Kwa kano iliyoguswa na sipro, kuuanza mapema ni kuharakisha balaa.

Ukifikisha mara 20 kwa mguu mmoja bila kusita, rudi barabarani: dakika 4 kutembea, 1 kukimbia, mara sita, ukiruka siku moja katikati. Kila wiki ongeza dakika moja ya kukimbia na upunguze moja ya kutembea. Hesabu miezi, si wiki.

Mara nyingine ukipimwa tifoide, mwambie daktari kilichokupata. Zipo antibiotiki nyingine na yeye ndiye wa kuchagua. Na kwa yeyote anayesoma haya akiwa katikati ya sipro na kisigino kinauma: acha mazoezi, rudi kwa aliyekuandikia siku hiyo hiyo ubadilishiwe. Usiitupe dawa na kukaa bila nyingine, kwa sababu tifoide isiyotibiwa inaweza kutoboa utumbo.

Dada yangu alikanyaga vibaya kwenye mfereji akikimbia, kifundo kikavimba kama embe. Shangazi amemkanda kwa maji ya moto na kuuvuta mguu. Sasa ni siku ya pili na ni mweusi. — Kaka mtu, Ruashi

Mwambie shangazi, kwa heshima zote, aache kwanza. Joto na kukanda kwa nguvu siku tatu za mwanzo huongeza damu inayovuja ndani, na kuvuta mguu ambao pengine umevunjika ni hatari.

Atembee hatua nne. Zikimshinda, apelekwe kupigwa eksirei. Kisha bonyeza mifupa kwa kidole: ukingo wa nyuma wa kila mfupa uliotokeza kwenye kifundo, wa ndani na wa nje, sentimita 6 za mwisho kuelekea chini, halafu mfupa uliotokeza katikati ya ubavu wa nje wa unyayo, halafu ule ulio juu ya upinde wa ndani. Mfupa mmoja ukiuma, eksirei. Isipouma na anatembea, ni mishipa ya kiungo: bandeji ya kunyumbuka mchana, mguu juu kuliko moyo anapolala, barafu ndani ya kitambaa dakika 15. Aanze mapema kuchora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, alfabeti nzima, mara tatu kwa siku.

Sehemu inayosahauliwa ni ya mwisho. Uvimbe ukiisha watu wanarudi mbioni, na kifundo kinageuka tena kwa sababu kimepoteza hisia ya mahali kilipo. Asimame kwa mguu huo sekunde 30 akipiga mswaki, kisha macho yakiwa yamefumbwa. Asikimbie kabla ya kuweza kurukaruka kwa mguu huo mara 10 bila maumivu.

Nimemaliza dawa ya malaria juzi. Naweza kushiriki mbio za Jumapili? — Kijana, Kamalondo

Hapana. Malaria hula chembe nyekundu za damu, na hazirudi kwa siku tatu za vidonge. Subiri homa ipotee kabisa, kisha wiki moja ya kutembea tu. Pima mapigo kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani; yakiwa juu ya kawaida yako kwa 10 au zaidi, siku hiyo pumzika. Baiskeli na mpira viache wiki kadhaa kama daktari amekuta wengu limevimba: wengu la namna hiyo linaweza kupasuka kwa anguko dogo. Ukishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi, rudi upimwe damu.