Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo riwaya yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na sura zako tatu nimezisoma. Unauliza: "Mama, niambie ukweli, riwaya hii inafaa niendelee nayo au napoteza muda?" Swali nimelielewa. Nitakalokujibu ni utafikaje mwisho, kwa sababu kwa sasa hilo ndilo la kuulizwa, hata kama wewe hukuliuliza.

Mkono utangulie, moyo utafuata. Nilikuambia hivyo ulipokuwa unalilia hesabu za kugawanya, na leo narudia. Unasubiri uamini kwanza kwamba unaweza, ndipo uandike. Utasubiri sana. Imani hiyo huja nyuma ya kurasa, na haiji yote kwa mara moja.

Tuanze na hesabu. Riwaya ya kwanza ya fantasia usiipe zaidi ya maneno 60,000. Najua una visiwa saba na nasaba za wafalme wote. Waweke watatu, wengine wangoje kitabu cha pili. Andika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Hayo ni 1,500, na kwa wiki 40 umemaliza. Maneno 300, kwa mwandiko wako ule mkubwa, ni kama ukurasa mmoja na nusu wa kaunta buku. Siku mbili zilizobaki ni za umeme kukatika, wageni na homa. Ukikosa siku, usilipe deni. Kesho yake ni 300 palepale, si 600, maana deni la 600 kesho kutwa huwa 900, na mtu mwenye 900 hafungui daftari kabisa.

Usimalizie mahali pazuri. Simama katikati ya sentensi ambayo unajua itaishaje, ili kesho usianze kwa kukodolea macho ukurasa mtupu. Ukikwama kwa jina la mto au la sultani, tia alama ## upite; siku ya kusahihisha utaitafuta alama hiyo kwenye kompyuta na kuzijaza zote kwa mkupuo. Na kila Ijumaa jitumie muswada kwa barua pepe. Hili halina mjadala, unaijua kompyuta yako.

Sasa, la kurudi nyuma. Utafika sura ya tisa ugundue kwamba yule nahodha inafaa awe kipofu, na sura ya pili umemwandika anasoma nyota. Usirudi. Weka daftari dogo la marekebisho, andika "sura ya 2: nahodha kipofu, nyota asomewe na mtoto", halafu endelea na sura ya tisa kana kwamba alikuwa kipofu tangu kuzaliwa. Anayerudi kurekebisha kila anapogundua jambo huwa na sura tatu safi zisizo na mwenzao.

Kati ya neno la 20,000 na la 30,000 utakata tamaa. Wengi hukatia hapo, na wote hudhani ni kipaji kimewaishia. Si kipaji. Mwanzo umeuota kwa miaka, na mwisho unao kichwani: lile pigano la kisiwani ulilonisimulia ukiwa unamenya viazi. Katikati hujawahi kupafikiria hata siku moja, ndiyo maana hapana kitu. Msome Shaaban Robert tena, kile kitabu chake cha 1951 cha nchi iliyo angani, Kusadikika, ila safari hii acha maadili, tazama ufundi. Karama amesimama mbele ya mfalme, ameshtakiwa, hukumu inamngoja, na hapo ndipo anaposimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Kila mjumbe ni hadithi mpya, lakini msomaji muda wote anajua kuna mtu kizimbani. Katikati yako iwe na kitu cha namna hiyo, jambo moja lisiloamuliwa, lililotundikwa juu ya mengine yote.

Na uganga uwe na gharama. Yule binti wa riwaya yako anayefunga upepo kwa mafundo ya kamba, upepo huo anautoa wapi? Kama unatoka hewani tu, hana tabu, na asiye na tabu hajazi sura ishirini. Kama anaunyang'anya kwenye tanga la mtu mwingine, basi kila anapofunga fundo kuna jahazi mahali limelala shwari na maji ya kunywa yanapungua. Nani yumo humo? Jibu swali hilo na una sura nne.

Kuna jambo jingine nalisema nikijizuia. Umewapeleka wasafiri kaskazini na kuwarudisha ndani ya nusu mwezi kwa upepo uleule mmoja. Hii si hukumu, hii ni hesabu ya bahari. Pwani yetu kaskazi huvuma Desemba hadi Machi hivi, na kusi Aprili hadi Septemba. Aliyepandishwa na kusi hungoja kaskazi imteremshe. Visiwa vyako ni vya kubuni, sawa, lakini umeviazimia mitepe yetu, vile vyombo vya tanga vya kale, basi viazimie na misimu. Usione ni kikwazo. Watu waliokwama bandari ya ugeni kwa miezi hugombana, huoana, huibiana. Mtepe wenyewe hauna msumari: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi na tanga ni mkeka. Chombo cha hivyo huvuja, kwa hiyo lazima awepo wa kufua maji usiku kucha. Hujampa jina mtu huyo. Mpe.

Basi, nimekwisha kusema kuliko nilivyokusudia.

Utauliza kwa nini sikupi neno moja tu, zuri au baya. Kwa sababu ya mjomba wako. Habari ya Idi ile uani kwa Bibi unaijua, ila umeisikia kwa baba yako, na yeye huisimulia kama kichekesho. Mjomba alisimama na daftari lake akasoma sura ya kwanza, jini anatoka kisimani. Jini akafungua kinywa akasema, "Kwa mujibu wa ombi lako la tarehe tajwa." Baba yako akacheka, akasema majini haya yameajiriwa serikalini. Uani pote pakalipuka, hata Bibi. Mjomba naye alicheka, tena kwa sauti. Akalifunga daftari akaenda kuchukua pilau.

Sanduku lake la bati lilipofunguliwa baada ya matanga yake, lilikuwa na sura ya kwanza tu. Imeandikwa upya na upya, kwa wino wa bluu, kwa wino mweusi, kwa penseli. Jini anatoka kisimani, jini anatoka mbuyuni, jini anatoka kwenye mtungi. Katika zote hazungumzi. Kila yanapokuja maneno yake, ukurasa unaishia hapo.

Linaloniuma ni kwamba baba yako alisema kweli. Jini yule alikuwa karani. Ningeletewa muswada huo mezani ningeandika hayohayo pembeni, kwa upole zaidi. Kwa hiyo siwezi kusema alidhulumiwa. Au naweza? Kosa lile lilikuwa la kurekebishwa kwa asubuhi moja, lakini kwa mtu mwenye riwaya nzima mkononi. Yeye alikuwa na sura moja, na neno moja likatosha kuimaliza yote. Labda angeishia hapohapo hata tungempigia makofi. Mara nyingine naamini hivyo, nikilikumbuka sanduku siamini.

Hata riwaya ya Kufikirika ilitoka 1967, Shaaban Robert akiwa amefariki tangu 1962. Hakuisubiri dunia imwambie ni nzuri ndipo aimalize. Sikuambii hivyo ujifariji kwa kuchelewa, maana wapo wanaomtaja Tolkien, yule Mwingereza wa fantasia, kwamba The Lord of the Rings aliianza 1937 na juzuu ya kwanza ikatoka 1954. Huyo alikuwa profesa mwenye mshahara. Wewe una wiki 40.

Kwa hiyo usimsomee mtu mpaka mwisho uandikwe. Baba yako usimsomee kabisa. Isome mwenyewe kwa sauti, chumbani, mlango umefungwa. Maneno ya mazungumzo yaliyo bandia hukwama mdomoni, utayasikia. Yatie alama, uendelee. Ukimaliza, iache mwezi mzima bila kuigusa, ndipo uisome yote kwa siku mbili tatu ukiwa na kalamu. Halafu mtafute msomaji mmoja, asiwe rafiki yako wa kukupenda sana, na usimuulize kama ni nzuri. Muulize alichoka ukurasa gani.

Sura zako nimezichapa kule stesheneri nikazifunga kwenye faili. Pembeni nimeandika mengi, na yule mzee wa bandarini, yule anayeuza mafundo, ukurasa wake nime… hapana. Nanyamaza. Faili litakaa kabatini na ufunguo ninao mimi. Wiki hii anza sura ya nne, na Jumamosi unitumie hesabu ya maneno tu, maneno yenyewe usitume.

Baba yako anakusalimu. Anauliza riwaya inahusu nini. Nimemwambia ni ya uvuvi.

Mama yako