Oxblood kwenye madaftari ya wanafunzi

Dada, umeuliza kama Oxblood, wino mwekundu wa chupa wa kampuni ya Diamine, utafaa kusahihishia madaftari, na kama utaharibu kalamu yako ya kujazia wino. Kalamu haitaharibika, mradi usiuache ukaukie ndani. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Wino mwekundu una ukaidi, unahitaji subira kuliko wa bluu.

Rangi yenyewe naipenda mno. Jina lake maana yake damu ya maksai, na kweli ni wekundu uliokolea wenye kahawia kidogo, si ule wa kupiga kelele wa bolpeni. Jana niliandika "Vizuri" kwenye karatasi nzito niliyonunua Nasser Road hapa Kampala: mwanzo wa V ulikuwa mwepesi, mkia wa i ya mwisho ukawa karibu mweusi, kwa kuwa wino hukusanyika pale kalamu inapoinuka.

Shida ni madaftari yetu ya shule. Karatasi ni nyepesi, wino unatambaa pembeni kama mizizi na kupenya upande wa pili. Nilipobadili nikatumia nibu (ncha ya kalamu) nyembamba, ulitulia, ingawa bado kuna madoadoa nyuma ya ukurasa.

Halafu hauhimili maji. Tone moja la mvua na alama imefutika, kwa hiyo rejista ya darasa usiiandikie wino huu kabisa. Anza na kichupa cha mililita 30, kinatosha muda mrefu.