Jibu: Nzi wanaanguka kisha wanaruka tena, je, dawa ni feki?

Ndugu yangu wa Chanika, umeuliza kama dawa unayopuliza kwenye banda la kuku ni feki, maana nzi wanaanguka chali, wanatetemesha miguu, halafu baadaye wanaruka tena. Usikimbilie kulaumu muuzaji. Dawa jamii ya pairethroidi, ndugu za pareto yetu ya Iringa, hupiga neva haraka, lakini kuanguka si kufa. Nzi sugu huivunjavunja sumu mwilini, au neva zake hazishikwi sawasawa, akainuka. Usugu huu si wa leo: huko Uswidi nzi walishaishinda DDT, dawa ya wadudu ya zamani, mwaka 1946.

Pima hivi: okota walioanguka, watie kwenye chupa kavu, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, weka pamba yenye maji ya sukari, kisha wahesabu baada ya saa 24. Wakiamka wengi, usiongeze kipimo, utaua dhaifu na kuwaachia sugu wazaane. Badilisha kundi la kiambato, yaani aina ya kemikali inayofanya kazi ndani ya dawa, si jina la kopo tu. Siromazini, kwa mfano, ni kiambato cha kundi lingine, nayo haimuui nzi mkubwa. Humzuia funza, yaani buu la nzi, kukua, kwa hiyo usiikatie tamaa siku ya pili.

Ila kwa joto la Dar, yai huwa nzi kwa siku 10 hivi. Fukua maranda yaliyolowa chini ya vyombo vya maji. Ukikuta funza weupe wanajisokota, zoa hayo kwanza na uzibe panapovuja. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kununua kopo lingine.